Ngata ya Rubani

Alfajiri, jua likiwa bado nyuma ya vilima vya mashariki ya Bujumbura, barabara ya Gatumba huwa imeshajaa watu. Wanavuka daraja la Rusizi kuelekea mjini: vijana na baiskeli zilizolemewa na magunia, akina mama na mabeseni ya ndagala, ndizi na mihogo vichwani. Tangu uhaba wa mafuta ulipozidi miaka hii ya karibuni, idadi ya wanaokwenda kwa miguu imeongezeka. Chini ya kila beseni kuna kitenge kilichosokotwa kikawa duara. Warundi hukiita ingata, Waswahili wa mtaa wa Buyenzi hukiita ngata, na kazi yake ni ile ile.

Si mbali na hapo ndege huteremka kuelekea uwanja wa Melchior Ndadaye, ule wenye majengo ya kuba. Ndege ikipita na ngurumo zake, watoto huinua nyuso. Mama mwenye beseni hainui. Anaigeuza mboni ya jicho tu, shingo ikabaki pale pale ilipo, kwa sababu shingo iliyobeba kilo 20 haina ruhusa ya kutazama juu. Rubani wa kijeshi angemwelewa vizuri kuliko abiria wote wa ndege hiyo. Naye kule juu ana mzigo kichwani, naye ana mambo ambayo shingo yake haitakiwi kuyafanya lakini huyafanya. Kinachowatofautisha ni ngata.

Tuanze na mzigo wenyewe. Helmeti ya rubani wa helikopta ina uzito wa karibu kilo moja na nusu. Akitakiwa kuruka gizani, hufungiwa mbele ya helmeti hiyo miwani ya kuonea usiku, ambayo pamoja na kishikio chake huongeza nusu kilo na zaidi. Ukijumlisha betri na vikorokoro vingine, mzigo hufika kilo mbili na nusu, pengine tatu. Mbele ya beseni la ndagala huo ni mchezo wa kitoto. Lakini katika nchi nyingi ambako marubani na wahudumu wa helikopta za kijeshi wameulizwa kuhusu miili yao, zaidi ya nusu wamekiri kuumwa shingo, au mgongo na kiuno, au vyote kwa pamoja. Wengi wao ni vijana waliochujwa kwa afya njema kabla hata ya kuruhusiwa kugusa ndege.

Siri haimo katika kilo. Kichwa cha mtu mzima, chenye uzito wa kilo nne na nusu hadi tano, kimekaa juu ya pingili saba za shingo kama nazi juu ya fimbo, na misuli ya kisogoni ndiyo inayokizuia kisiangukie kifuani. Mama anapotua beseni juu ya ngata, uzito unashuka wima, pingili juu ya pingili, hadi nyongani na miguuni. Mifupa ndiyo inayobeba, misuli inasawazisha tu. Miwani ya rubani haikukaa utosini. Imening'inia mbele ya macho, mbali na mhimili wa shingo. Atakaye kujua maana yake achukue pakiti ya sukari ya kilo moja, aishike karibu na kifua, kisha anyooshe mkono mbele na kuhesabu dakika. Pakiti ni ile ile, lakini bega litalalamika mapema. Kisogo cha rubani hunyoosha mkono wa namna hiyo kwa saa mbili au tatu mfululizo.

Ndiyo maana vikosi vingi vya helikopta vimegundua dawa inayomchekesha anayeisikia mara ya kwanza: kuongeza uzito. Betri ya miwani huhamishiwa nyuma ya helmeti, na marubani wengi huongeza hapo kifuko chenye vipande vya risasi, ile metali nzito, hadi kichwa kiache kuvutwa mbele. Kwa lugha ya barabara ya Gatumba, wamejaribu kujitengenezea ngata. Lakini ni ngata ya kukopa. Kichwa sasa kimesawazika, ila kimekuwa kizito zaidi, na kila helikopta inaporuka kwenye hewa mbaya, gramu hizo za nyuma nazo hudai haki yao.

Katika jambo hili la kubeba mizigo, Afrika Mashariki ina ukurasa wake katika vitabu vya sayansi. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa Kenya kwa wanawake wa Kijaluo, wanaobeba kichwani, na wa Kikuyu, wanaobeba mgongoni kwa kamba iliyopita kipajini. Waliwekwa kwenye mashine ya kutembelea na pumzi zao zikapimwa. Ikaonekana kwamba wanaweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya ile ya kutembea mikono mitupu. Dunia ikashangaa. Baadaye watafiti waliofanya kazi Afrika Kusini waliitia sifa hiyo maji kidogo: si kila abebaye kichwani hupata nafuu hiyo, na wanawake waliowapima walilalamika hasa juu ya maumivu ya shingo. Kwa hiyo mama wa Gatumba asichukuliwe kuwa chuma cha pua. Anaumia naye. Ila hesabu ya mzigo wake ni safi kuliko ya rubani.

Na hesabu ya rubani huharibika zaidi usiku unapoingia kweli. Miwani ile humwonyesha dunia ya kijani yenye upana wa nyuzi 40 hivi, wakati macho matupu ya binadamu huona karibu nusu ya duara zima. Ni kama kutembea mjini ukichungulia kupitia vikopo viwili vya nyanya vilivyotolewa vitako. Ili aone mti ulio kushoto, waya wa umeme ulio kulia na mwenzake anayeruka ubavuni, haitoshi kugeuza mboni kama afanyavyo mama wa beseni. Lazima ageuze kichwa kizima, na kile kinachoning'inia mbele kigeuke nacho, mara mia na mara mia tena katika safari moja.

Chini ya shingo hiyo kuna kiti, na hapa ndipo watu wa helikopta wanapokuwa na kesi yao peke yao. Mkono wa kushoto wa rubani hushika wenzo ulio chini, ubavuni mwa kiti, unaopandisha na kushusha chombo. Mkono wa kulia umeshika fimbo iliyo katikati ya magoti. Miguu yote miwili iko kwenye pedali. Helikopta nyingi, hasa za zamani, haziwezi kuachiwa hata kidogo, kwa hiyo mwili hujikunja mbele na kuelemea upande, mgongo ukiwa haugusi egemeo la kiti. Marubani wenyewe wameupa mkao huo jina la utani lenye maana ya kibiongo.

Mgongo hauogopi kazi kama unavyoogopa kukaa bila kusogea. Kati ya pingili na pingili kuna diski, gegedu laini lenye maji mengi, ambalo katikati yake halina mishipa ya damu. Hupata chakula chake kwa kubanwa na kuachiwa, kama sponji, kila mtu anapoinuka, anapoinama, anapotembea. Ukimkalisha mtu saa tatu katika mkao mmoja uliopinda, sponji hubanwa upande mmoja na kusahauliwa. Atakaposhuka atakuwa anatembea kama aliyezeeka njiani.

Halafu kuna mtetemo. Kila kiungo cha mwili kina mdundo wake, na kiwiliwili cha mtu aliyekaa huitikia zaidi mtikiso wa mara nne hadi sita kwa sekunde. Katika mdundo huo mgongo haumezi mtikiso, bali huukuza. Mapanga ya Mi-17, helikopta ya Kirusi inayojulikana sana katika anga za Afrika, huzunguka mara 192 kwa dakika, yaani zaidi kidogo ya mara tatu kwa sekunde. Ya Black Hawk ya Wamarekani huzunguka mara 258, yaani mara nne na kitu. Hakuna aliyekusudia ubaya. Mapanga marefu hayawezi kuzungushwa kwa kasi zaidi bila kuleta matatizo mengine ya urukaji, na kwa bahati mbaya mdundo wake ni jirani na mdundo wa uti wa mgongo.

Burundi yenyewe haina jeshi kubwa la anga, na watu wanaohusika hapa nchini ni wachache. Lakini Warundi wengi wamekalia viti vya nyuma vya ndege hizo. Kuanzia Desemba 2007, nchi ilipoanza kupeleka vikosi Somalia katika jeshi la Umoja wa Afrika, maelfu ya askari walipandia ndege Bujumbura wakashukia Mogadishu, na huko ndani majeruhi, chakula na risasi vikasafirishwa kwa helikopta. Ng'ambo ya Rusizi, katika Kongo ya mashariki, helikopta za walinda amani zimekuwa sehemu ya mandhari kwa zaidi ya miaka 20.

Majirani ndio wenye vyombo vingi. Kenya ina helikopta zake na ndege za kivita za F-5 huko Laikipia. Uganda ina Mi-24 na Mi-17, na mwaka 2011 ilianza kupokea Sukhoi Su-30. Safari zao si fupi. Agosti 2012 helikopta nne za Uganda zilikuwa njiani kwenda Somalia kupitia Nanyuki. Tatu za Mi-24 ziliishia kwenye miteremko ya Mlima Kenya, na wanajeshi wakapoteza maisha. Msiba huo unatajwa hapa kwa ajili ya njia yenyewe: kuvuka Kenya nzima kwa helikopta ni kazi ya saa nyingi kitini, kwa vituo vya mafuta.

Hatari nayo huuma misuli. Februari 2023 helikopta ya Oryx ya Afrika Kusini, iliyokuwa ikihudumu chini ya Umoja wa Mataifa, ilipigwa risasi ikiwa angani mashariki mwa Kongo. Mmoja wa wahudumu wake aliuawa, na chombo kikafanikiwa kutua Goma. Mtu anayejua kwamba kilima chochote kinaweza kuwa na bunduki haegemei kiti. Anakaza mabega, anakaza taya, anakaza kisogo, na misuli iliyokazwa saa nzima huwa imechoka kabla haijafanya kazi yoyote.

Ni jambo la kustaajabisha kidogo kwamba shida hii imekua pamoja na maendeleo. Ziwa Tanganyika lilikuwa miongoni mwa sehemu za mwanzo za bara hili kuona ndege za vita: Juni 1916, Usumbura ya Wajerumani, Bujumbura ya leo, ikiwa inaponyoka mikononi mwao, ndege za Wabelgiji zinazotua majini zilivuka ziwa kwenda kuipiga Kigoma, zikiwinda meli Graf von Götzen, hiyo hiyo ambayo wasafiri wa ziwa waliijua baadaye kwa jina la MV Liemba. Marubani wale walikaa nje peupe, wakipigwa na upepo, na kichwani hawakuwa na zaidi ya kofia laini na miwani ya vumbi. Waliogopa mengi, injini kuzima ikiwa la kwanza. Lakini helmeti ya kubebeshwa taa, redio, kioo na miwani ya usiku ilikuwa haijazaliwa. Kadiri miaka ilivyopita, kila mhandisi aliyetafuta mahali pa kutundika kifaa kipya aliona kichwa cha rubani kikiwa wazi.

Katika ndege za kivita zenye kasi, kinachoongeza uzito zaidi si vifaa bali kona. Ndege ikikata kona kali, mwili husukumwa kitini kana kwamba dunia imeongeza mvuto wake. Su-30, kama ndege nyingi za kizazi chake, inaweza kufikia mara tisa ya mvuto wa kawaida. Kichwa na helmeti vyenye kilo saba kwa pamoja huwa na uzito wa kilo 63. Hapo ndipo rubani anapotakiwa ageuke atazame nyuma kama kuna adui. Wapo waliotegua shingo kwa kugeuka tu, bila kuguswa na mtu wala kitu. Na kiti cha kujirusha, kinachomwokoa rubani ndege ikishindikana, humfyatua juu kwa nguvu inayoweza kuzivunja pingili za mgongo. Mwaka 2015 Marekani iliwazuia kwa muda marubani wenye uzito chini ya kilo 62 hivi kuruka na F-35, kwa hofu kwamba helmeti yake nzito ingewavunja shingo wakijirusha. Ndege ya bei kama ile, na kikwazo kikawa shingo ya mtu mwembamba!

Wanaosahaulika kuliko wote ni wa nyuma. Katika helikopta, nyuma ya marubani kuna fundi wa safari, msimamizi wa mizigo, mpiga bunduki wa mlangoni. Hawa hawana hata kiti cha kulalamikia. Hupiga magoti sakafuni, hujifunga mkanda, hutoa kichwa nje ya mlango na kutazama chini mzigo unaoning'inia au uwanja wa kutua wenye vumbi, wamejipinda kiunoni, miwani ile ile ikivuta kichwa kuelekea ardhini. Kanada ilipowachunguza wahudumu wa helikopta zake za Griffon iligundua kwamba mafundi wa nyuma waliumwa shingo sawasawa na marubani. Kwa aliyewahi kumwona utingo akining'inia kwenye mlango wa Hiace, hilo si la kushangaza.

Sasa, kwa nini hawasemi? Kwa sababu kusema kuna bei. Rubani wa kijeshi hupimwa afya mara kwa mara, na daktari wa urukaji ana mamlaka ya kumzuia asiruke. Dawa kadhaa za maumivu huleta usingizi, kwa hiyo anayezitumia haruhusiwi kushika chombo. Kumwendea daktari kunaweza kuwa mwanzo wa miezi ya kukaa ofisini, posho ya kuruka ikasimama, wenzake wakaanza kupanda vyeo. Matokeo yake, wengi humeza kidonge kimya kimya, huenda kukandwa na mkandaji wa mtaani wakiwa na nguo za kiraia, na hujaza fomu kwamba wako salama. Tabia hii imeandikwa katika nchi tajiri zenye hospitali za kijeshi zilizokamilika. Hakuna sababu ya kudhani kwamba panapo ndege chache na marubani wachache, ambapo kila mmoja anajua hana wa kumbadili, ulimi utakuwa mwepesi zaidi. Na hapa lawama haimwangukii mgonjwa. Mfumo unaomwadhibu msema kweli utaletewa uongo kila Jumatatu.

Tiba zinazopendekezwa si za ajabu. Kiti kinaweza kuongezewa mto unaojaza uwazi wa kiunoni, kitu cha bei ndogo kuliko saa moja ya mafuta ya helikopta. Saa za kuvaa miwani zinaweza kupangwa. Marubani wawili wanaweza kupokezana ili mmoja ajinyooshe. Lakini lililoleta matumaini zaidi ni mazoezi ya shingo yenyewe. Mwaka 2009 watafiti wa Uswidi walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya kwa marubani wa helikopta wa jeshi lao: kundi moja lilifundishwa mazoezi ya shingo na mabega, jingine likaendelea na maisha yake. Walipofuatiliwa mwaka mmoja baadaye, waliofanya mazoezi walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuwa wamemaliza mwaka bila maumivu.

Kinachovutia ni kwamba mazoezi hayo hayakuwa ya kutunisha misuli. Shingo ina misuli mikubwa ya nje, inayoonekana kwa mpiga mieleka, na mingine midogo iliyolala ndani, imegusana na pingili. Hii midogo ndiyo yenye kazi ya kuzishikilia pingili zisiyumbe. Maumivu yakianza, hiyo midogo hulala, na mikubwa huchukua kazi isiyo yake hadi ikakakamaa. Kwa hiyo mafunzo huanza na kuiamsha midogo, polepole, kwa nguvu kidogo sana, kabla ya kuongeza uzito.

Bujumbura haina haja ya helikopta kuujua ugonjwa huu. Mtetemo hauchagui chombo: Umoja wa Ulaya, katika sheria yake ya 2002 kuhusu mtetemo kazini, uliweka vipimo ambavyo mtetemo ukivifikia lazima mwajiri achukue hatua, na vipimo hivyo huwahusu hata madereva wa matrekta na malori. Dereva wa taksi-moto anayeanzia Kamenge saa 12 asubuhi ana mambo yote ya rubani: helmeti, mikono isiyoachia, mgongo usio na egemeo, barabara inayotikisa, macho yanayotafuta hatari kila upande. Machi 2022, pikipiki, bajaji na baiskeli zilipopigwa marufuku katikati ya jiji, wengi walianza kuzunguka pembezoni, kwenye njia mbovu zaidi. Wapo pia vijana wa baiskeli wanaoshuka kutoka Bugarama, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na ndizi zinazowazidi uzito, shingo zimenyooshwa mbele kama za kobe. Hao hawana daktari wa kuwazuia wala fomu ya kuwadanganyia.

Zoezi la kwanza la aina ile wanayofundishwa marubani hufanyika sakafuni, bila kifaa. Mtu hulala chali, hukunja kitambaa na kukiweka chini ya shingo, kisha huitikia kwa kichwa taratibu, kana kwamba anasema ndiyo kwa mtu aliye karibu sana, kidevu kikisogea vidole viwili tu. Anashikilia kwa sekunde kumi, anaachia, anarudia mara kumi. Baada ya wiki chache huketi, hupitisha kitambaa nyuma ya kisogo, hushika ncha mbili kwa mikono na kuvuta mbele huku kichwa kikikataa kwenda. Kitenge kilichokuwa ngata asubuhi kinatosha kwa yote mawili.